Re: Muziki wa baroki na picha za nyota, Dodoma watu wataelewa?

Mkuu, hilo onyesho lenu la kupiga muziki wa baroki (ule wa Ulaya wa karne ya 17 na 18) huku mkionyesha picha za nyota, watu wa Dodoma wataelewa tu, ila usianze na lecha. Anza na stori ya mzee Vincenzo, baba yake Galileo yule mwanasayansi wa nyota wa Italia, alikuwa mpiga luti (kama gitaa la zamani) kabisa, sasa mtoto wa mwanamuziki ndo 1610 anaelekeza darubini kwenye sayari ya Mshtarii (Jupita) anakuta vimwezi vinne vinazunguka, hapo vayolini ziingie. Wale wa okestra ya Tafelmusik ya Toronto, Kanada, walishafanya kitu cha hivi 2009 na walipiga bila karatasi, wamekariri kila kitu, kwa sababu gizani nota utasomea wapi? Nyie mnasema mna wiki tatu za kujiandaa, mi naona chukueni vipande vinne vifupi mkariri basi.

Nje msifanye kwa kutegemea karatasi, upepo wa huku si unaujua, mimi nishapiga kinanda harusini Chamwino nota zimebanwa na vibanio vya nguo na bado ukurasa wa pili ukaenda kwa mbuzi 😂

Halafu tafuta usiku usio na mbalamwezi, mwezi wa saba hivi mawingu hamna. Na mzee wa zeze mpeni nafasi, Mgogo akisikia zeze hatoki mpaka mwisho.