Kwa anayeanza kusomea tiba ya ndoa na familia

Kosa la kwanza la karibu kila mwanafunzi ni kumtafuta mkosaji. Mke analalamika mume hasemi, mume analalamika mke hanyamazi, nawe kichwani umeshaanza kugawa alama. Hapo kikao kimegeuka baraza la usuluhishi. Kinachotibiwa ni mzunguko wenyewe: huyu akigomba, yule hujifungia, yule akijifungia, huyu huzidisha sauti. Uchore ubaoni wauone wote wawili, kisha waulize nani ameutambua nyumbani.

Kuhusu masomo, njia ya kawaida ni shahada ya uzamili, kisha saa za kazi chini ya msimamizi. Masharti hutofautiana mahali na mahali. Jimbo la California, kwa mfano, linadai saa 3,000 kwa muda usiopungua wiki 104, na saa 500 kati ya hizo ziwe za wenzi, familia au watoto. Weka kumbukumbu ya saa zako kila wiki na isainiwe palepale, maana msimamizi akihama, kuzithibitisha ni kazi. Na ukiambiwa ulete rekodi ya kikao, peleka kilichoharibika. Kizuri hakikufundishi kitu.

Jifunze mapema kuchora jenogramu, yaani ramani ya familia ya vizazi vitatu. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mstari wa kupindapinda (zigizaga) kati ya watu wawili ni ugomvi. Usiharakishe kuijaza kama fomu. Mtu akifika kwa mjomba fulani akanyamaza, acha kalamu, subiri.

Siri ndizo huwaangusha wengi. Jioni simu inalia: mmoja wa wanandoa anakiri ana mtu wa nje, na anakuomba usimwambie mwenzake. Kama hamkukubaliana mapema, umenaswa: ukisema umevunja amana, ukinyamaza unamficha mwenzake. Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza, waeleze kwa maandishi utafanyaje na siri, nao watie saini.

Halafu, zungumza na kila mmoja peke yake mwanzoni na umuulize waziwazi: unamwogopa mwenzako? Amewahi kukupiga, kukutisha, kukuzuia kutoka? Anayeishi kwa hofu akisema ukweli mbele ya mwenzake, anaweza kuulipia wakirudi nyumbani. Jibu likiwa ndiyo, usiwaketishe pamoja. Mpigie msimamizi wako siku hiyohiyo, na mpango wa usalama uanze.