Insulini haibebi sukari
Je, homoni ya insulini huibeba sukari ya damu na kuiingiza kwenye seli? Hapana, haiibebi, inabisha hodi tu. Kipokezi chake, yaani protini ya kwenye seli inayoipokea, kina vipande vinne: alfa viwili viko nje ya utando wa seli, beta viwili vimeupenya mpaka ndani. Insulini ikishika alfa, umbo lote hubadilika, miguu ya beta, yaani sehemu zake za ndani, husogeleana na kuwekeana fosfeti, vikundi vidogo vya kemikali vinavyowasha ishara. Hivyo ndivyo ishara inavyofika ndani, na vipitishio vya glukosi (sukari hiyo), viitwavyo GLUT4, hupandishwa kwenye utando na kuiingiza. Nafundisha baiolojia kidato cha sita. Nikiichora hiyo miguu ikisogeleana, wanafunzi huelewa papo hapo. Ila hapa kwenye GLUT4 nazungumzia seli za misuli na za mafuta. Ubongo huchukua sukari yake bila kuingoja insulini.