Ndege kubwa, safari ya dakika ishirini: usiteremke Dar

Ukitoka ng'ambo kuja Unguja, iangalie tiketi kabla hujailipia. Kuna ndege kubwa, zile zenye njia mbili katikati ya viti, zinazopita Dar kwanza ndipo zije Kisauni, uwanja wetu wa ndege wa Unguja. Mwaka jana nilimrejesha mamangu kutoka matibabu India kwa ndege ya namna hiyo. Tukafika Dar alfajiri, abiria wengi wakateremka, sisi tukaambiwa tukae. Dakika tisini! Kiyoyozi kinavuta kwa tabu, wasafishaji wanatupita magotini, na mamangu ameshavaa buibui lake, mkoba begani: "Si tumefika? Twende zetu tukapande boti."

Na mimi moyo ulinituma, maana boti ni kama saa mbili tu. Lakini mabegi yalishabandikwa ZNZ, alama ya uwanja wa Unguja. Ukiteremka kiholela, ama mzigo unatangulia Kisauni peke yake, ama unatafutwa tumboni mwa ndege huku watu wote wakikulaani. Kaa.

Angani kwenyewe ni kama dakika ishirini, kilomita 75 hivi. Mamangu akaomba chai. Mhudumu akamwambia kwa adabu kwamba tunashuka tayari. Basi chai na choo vimalize mkiwa bado chini Dar, na peremende uwe nayo mkononi, kwani masikio hayapati muda wa kuzoea.

Watu huuliza, dude lote lile la nini kwa kuvuka mkondo tu? Shirika linaona bora ndege moja ijazwe na miji miwili kuliko mbili ziende nusu tupu. Wala si sisi peke yetu: jamaa zetu wa Muscat waliipata A380 ya Emirates, ile ndege ya ghorofa mbili, kutoka Dubai mwaka 2019, na huko angani haifiki saa. Kinachoichosha ndege ni kupaa na kutua, si kilomita. Kila ikipanda mwili hujazwa hewa kama mpira. Ndiyo maana Wajapani, kwa safari zao fupi za ndani, walitengenezewa Boeing 747SR yenye mwili ulioimarishwa.

Wakati wa kwenda, ikianzia Unguja, subira ya Dar huwa ndefu vilevile: mafuta ya safari kuu hutiwa huko, maana ikijazwa Kisauni itakuwa nzito mno kutua muda mfupi baadaye.

Ukisafiri na mzee, mtafutie kiti cha pembeni karibu na choo, na mwambie kabla hamjatoka nyumbani kwamba Dar hamteremki. Mimi sikumwambia.