Maswali na Majibu: Miguu Inapotoka Kwenye Ndala na Kuingia Kwenye Mabuti

Mvua za kusini huanza kati ya Novemba na Desemba, na barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu miguu inayosumbua kila viatu vinapobadilishwa.

Kila mvua zinapoanza huvaa mabuti ya mpira kwenda shambani, na wiki haiishi kabla ngozi ya katikati ya vidole haijawa nyeupe, ikachubuka na kuwasha. Je, mpira huu una sumu? (Mkulima, Tandahimba)

Hauna sumu, ndugu yangu. Kiangazi chote miguu yako ilikuwa kwenye ndala ikipigwa na upepo, jasho likikauka kabla hujalihisi. Sasa umeifungia ghafla ndani ya mpira usiopitisha hewa, jasho limekosa pa kwenda, ngozi imelainika na fangasi wamepata makao. Kwa hiyo katika siku za mwanzo usiyavae mabuti kutwa nzima. Yavue unapopumzika kula, futa miguu kwa kitambaa kikavu, kisha vaa soksi nyingine za pamba ulizokuja nazo. Jioni osha miguu kwa sabuni na uikaushe hadi katikati ya kidole cha nne na cha tano, ambako ugonjwa huu hupenda kuanzia, na mabuti yaache wazi mahali penye hewa yakauke ndani. Ukipewa dawa ya kupaka ya klotrimazo, endelea nayo kwa wiki 2 baada ya muwasho kwisha, kwa sababu wanaoiacha mapema ndio hao husema kwamba fangasi hawaponi.

Buti lililokaa stoo tangu Mei likung'ute kwanza, maana nge na tandu nao hupenda giza. Hata hivyo, usishawishike kurudi kwenye ndala: majani chini ya mikorosho huficha nyoka, na udongo wenye unyevu unaweza kuwa na mabuu ya minyoo ya safura, ambayo hupenya ngozi ya mguu ulio wazi.

Mimi tatizo langu ni kinyume: nikiacha viatu vya kufunika kusi linapoanza kuvuma, visigino hupasuka hadi kutoa damu. Nifanye nini? (Mama wa nyumbani, Lindi mjini)

Hayo ni magaga. Ngozi ya nyayo haina tezi za mafuta, hivyo ikikutana na hewa kavu na ndala isiyoshika kisigino, hukauka, hutanuka kila unapokanyaga na hatimaye hupasuka. Loweka miguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hivi, sugua taratibu kwa jiwe la miguu, kisha paka vaselini au mafuta ya nazi ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, na ulale na soksi. Wembe usiuguse kabisa. Ukianza kupaka wiki chache kabla ya kubadilisha viatu, huenda damu usiione.

Mwanangu hupata malengelenge kila Januari akivaa viatu vipya vya shule. (Mzazi, Masasi)

Nunua viatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Avivae nyumbani kwa saa moja au mbili kila siku kabla shule hazijafunguliwa. Lengelenge likitokea lisitoboliwe.

Shikamoo. Baba yangu ana kisukari na amezoea katambuga. Mvua zikianza nimnunulie mabuti? (Kijana, Mikindani)

Marahaba. Swali lako ndilo zito kuliko yote. Kisukari cha muda mrefu huweza kuua hisia za miguu, hivyo mzee anaweza kutembea na mwiba, au na buti linalombana, bila kusikia maumivu. Katambuga ina soli ngumu, lakini mikanda yake huchubua na vidole hubaki wazi. Buti nalo huhifadhi unyevu. Mnunulie raba pana zenye kamba, avae na soksi zisizobana, na mabuti yawe ya kuvukia matope tu. Kila jioni kagua nyayo zake wewe mwenyewe, pamoja na ndani ya viatu, na maji ya kumwoshea yapime kwa kiwiko chako. Ukiona mchubuko, wekundu au lengelenge, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mwenyewe anasema hajisikii kitu.