Kabla Hujafuta Nyimbo za Mtoto

Miaka mitatu iliyopita, hapa Malindi mtaa wa Muyeye, nilichukua simu ya binti yangu nikafuta nyimbo zote. Nilikuwa nimetoka ibadani, mahubiri yalihusu muziki wa dunia, nami nikaona nianzie nyumbani kwangu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, hata mmoja umeusikiliza?"

Sikuwa nimesikiliza. Na kati ya nilivyofuta ilikuwemo sauti ya marehemu nyanya yake, akiimba Kigiriama huku akishona makuti. Hatujaipata tena mpaka leo.

Mzazi mwenzangu, nakusihi, sikiliza kwanza. Paulo alipofika Athene alichukizwa rohoni kuona mji umejaa sanamu, lakini hakushika nyundo. Soma Matendo 17: alipita huko na huko akiangalia, akahojiana na watu sokoni kila siku, na aliposimama Areopago, mbele ya baraza la mji, alitumia maneno ya watunga mashairi wao wenyewe. Bila shaka alikuwa ameyasikia.

Siku hizi, Jumamosi usiku tukishakula, binti huchagua wimbo mmoja tukausikiliza mpaka mwisho, kisha tukaurudia. Mimi sikatizi, hilo nimejifunza kwa taabu. Halafu namuuliza: huyu anayeimba anatamani nini? Mwanamke anamwonaje? Unaweza kumwimbia mdogo wako? Mara nyingi ni yeye anayesema, "Hapa baba, anatudharau," akaufuta kwa mkono wake. Nyingine zimenigusa mimi. Kuna kijana aliimba jinsi anavyozunguka kutafuta kazi huku mamake akimngoja na chakula, nikaona ni maombi kabisa, ingawa Mungu hakutajwa.

Sisemi kila kitu kiingie. Paulo huyohuyo aliwaambia Wakorintho kwamba vitu vyote ni halali, lakini si vyote vifaavyo. Video za watu kuvuliana nguo kwangu hazichezwi, na sababu nimempa. Mtoto ukimkataza bila kumweleza ataenda kutazama kwa jirani. Isitoshe, mtaani kwetu ngoma ya harusi ya nyumba ya tano unaisikia ukiwa kitandani, sasa utamziba masikio mpaka lini?

Wiki jana alileta wimbo anaoupenda mno, mimi nikaukataa. Tulibishana hadi saa nne, mamake akatuzimia taa. Jumamosi hii tunausikiliza tena.