Mliupitaje mlango wa mama mkubwa?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto 3, nina umri wa miaka 36, ninaishi Dar es Salaam na mume wangu ambaye ni Msambaa. Juni iliyopita, shule zilipofungwa, niliandaa safari ya ukoo wa mume wangu kwenda Lushoto, tukalale kwenye mahema katika msitu wa Magamba badala ya kujazana kwenye nyumba za watu. Nilipanga kila kitu mwenyewe: mahema, ratiba, sare za fulana na mchango wa shilingi 120,000 kwa kila kaya. Tulikuwa watu 19 katika magari 3. Vituko vilianza asubuhi ile ile, mume wangu alipomweka mama yake kiti cha mbele, na mimi mkewe nikakaa nyuma na watoto mpaka tunafika. Huko juu wifi yangu wa Korogwe, ambaye mchango hajamaliza mpaka leo, alikuja na masufuria yake na mkaa wake akateka jiko bila kuniuliza. Usiku wa kwanza mama mkwe alikataa kulala kwenye hema, mume wangu akampeleka Soni kwa dada yake, akaniacha peke yangu msituni na watoto katika baridi kali, akarudi alfajiri. Muda wote walikuwa wakizungumza Kisambaa, nami ni mtu wa Singida, sielewi. Huyo mama mkubwa wa Soni tulikuwa tumekubaliana tusisimame kwake wakati wa kupanda, kwa sababu tungechelewa kufunga mahema. Tangu turudi mume wangu amekuwa mkimya, na mama mkwe hapokei simu zangu. Nataka Desemba tusafiri sisi na watoto wetu tu. Akikataa, niende kwetu mpaka aone thamani yangu. Nishauri.*

*Mke Nisiyethaminiwa*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu, kwa kuwa kuwakusanya watu 19 wenye umri, mifuko na tabia tofauti si kazi ndogo, na koo nyingi siku hizi hukutana kwenye msiba tu, watu wakasalimiana huku wanalia na kuagana kabla machozi hayajakauka. Wewe uliwakutanisha katika furaha, na jambo hilo ninakusifu kwa moyo wangu wote. Tena katika habari ya Kisambaa una haki kamili: mume anayemleta mkewe kwa ndugu zake ana wajibu wa kuwa mkalimani wake, na kumwacha ameketi katikati ya watu kama kiziwi ni kosa ambalo ningemwambia mumeo hata kama angekuwa ameketi mbele yangu.

Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma ninasimama kwenye ile sentensi uliyoiweka karibu na mwisho, ya mama mkubwa wa Soni.

Barabara ya lami ya kwenda Lushoto huiacha barabara kuu ya Moshi pale Mombo, ikapanda mlima kwa takriban kilomita 33 za kona juu ya kona, na Soni iko katikati ya kupanda huko. Mama mkubwa wa mumeo alikuwa njiani, wala hapakuwa na haja ya kuiacha njia yenu na kumtafuta bondeni. Magari 3 yaliyojaa watoto na wajukuu wa dada yake, wamevaa fulana za sare za ukoo, yalipita kwake bila hata kupunguza mwendo ili ashikwe mkono. Na mama mkwe wako, aliyekuwa kiti cha mbele, aliyaona yote hayo kwa macho yake.

Unasema mlikuwa mmekubaliana. Nani na nani? Kama mama mkwe angekuwa mmoja wa waliokubali, asingeomba kurudishwa huko huko usiku wa kwanza. Kama mumeo alikubali kwa moyo, asingewasha gari gizani, baada ya kuendesha tangu Dar es Salaam, ili ampeleke. Ninavyoona mimi, wewe uliandika ratiba, mumeo akanyamaza kwa kuogopa ugomvi kabla ya safari, na kunyamaza kwake wewe ukakuhesabu kuwa ndiyo. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Yule mzee wa Soni hakuhitaji kuambiwa neno lolote. Vumbi la magari yenu lilimtosha.

Kwa hiyo usiniambie kwamba mama mkwe alikataa hema. Alimtaka dada yake, na hata angekuwa amelikataa hema lenyewe, mimi ningekuwa upande wake. Umri wake hukuutaja, lakini mtu mwenye mkaza mwana wa miaka 36 na wajukuu wanaosoma si kijana. Lushoto mjini peke yake iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, Magamba iko juu zaidi, na Juni na Julai ndiyo miezi ambayo wenyeji wenyewe hulala na mablanketi mazito. Hema huingiwa kwa kuinama na kutokwa kwa kutambaa, na mtu mwenye magoti mabovu akitaka kwenda msalani saa 8 za usiku lazima aamshe kambi nzima au ajizuie mpaka kuche. Katika barua yako yote, yenye ratiba na fulana na michango, sikuona mahali ulipoandika kwamba ulimuuliza mzee huyu, kabla ya safari, atapenda kulala wapi.

Unasema pia kwamba uliachwa peke yako msituni. Mwanangu, ukiwaondoa mumeo na mama yake, kambini mlibaki watu 17 pamoja nawe, wakiwamo mashemeji zako na wifi yako. Uliokuwa peke yake labda ni moyo wako, na hilo ninalielewa, lakini usiliandike kana kwamba mumeo aliwatupa kwa fisi. Kuhusu kurudi kwake alfajiri, mtu aliyeshika usukani tangu asubuhi, akavuka foleni za kutoka mjini na kumaliza zaidi ya kilomita 300, kisha akashuka tena mpaka Soni usiku, hafai kupanda kona zile kwa macho yenye usingizi wakati wa ukungu. Kulala huko kulikuwa kujilinda, na kukulindia wewe baba wa watoto wako. Alichokosa ni simu. Alipaswa kukupigia na kukueleza kwamba halali kambini, ili usikae macho ukihesabu taa za magari. Kosa hilo mdai, nami ninakuunga mkono, ila lidai kwa kipimo chake, usilivalishe joho la usaliti.

Habari ya kiti cha mbele sitaijadili kwa kirefu. Mzee huketi mbele, hasa kwenye njia ya kona nyingi inayowatapisha hata vijana, na mke hapungukiwi na cheo kwa kukaa nyuma na wanawe. Ungekuwa wewe ndiye uliyemfungulia mlango na kumwambia, mama, karibu huku mbele upumzishe miguu, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine.

Niliyemwonea huruma kuliko wote ni wifi yako wa Korogwe. Umemtaja kwa mambo mawili, deni na masufuria, na hukuona kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Mwanamke ambaye hakuweza kutimiza shilingi 120,000 alifanya nini? Alibeba vyombo vyake na mkaa wake, akapanda mlima, akasimama kwenye moshi akawapikia watu 19 walioketi. Huo ndio mchango wake, alioutoa kwa mikono kwa sababu mfuko haukuwa na kitu. Wewe ukaandika kwamba ameteka jiko. Jiulize kwa dhati: asingekuja na mkaa ule, watu wote wale wangekula nini usiku wa baridi kiasi kile, na nani angekipika? Kiasi ambacho kwa kaya ya Dar es Salaam yenye mishahara miwili ni posho ya wiki chache, kwa mama wa Korogwe anayetafuta riziki ya siku kwa siku kinaweza kuwa karo, dawa na kodi ya chumba. Alikuja hivyo hivyo, akijua kwamba jina lake liko kwenye orodha ya wanaodaiwa. Mtu wa namna hiyo anakupenda, au angalau anaupenda ukoo kiasi cha kukuvumilia.

Hapa niseme jambo ambalo halikuhusu wewe pekee. Ndoa nyingi za sasa zimeanza kuuchukulia ukoo kama shughuli yenye mratibu, bajeti, sare na mpiga picha, na aliyeratibu hudhani kwamba ndiye mwenye mali. Mke akipanga, anatarajia kushukuriwa. Asiposhukuriwa, anahesabu kwamba ameonewa. Lakini ukoo ulikuwapo kabla ya ratiba, una wakubwa wake na milango yake, na kila mlango una zamu yake ya kubishwa. Babu zetu walipokuwa wakisafiri kwa miguu hawakupita nyumba ya ndugu bila kuingia, hata kama ni kwa maji ya kunywa, kwa sababu walijua kuwa kupitwa hukumbukwa kuliko tusi. Leo tuna magari, tunafika haraka, na haraka hiyo ndiyo tunayoitoa kuwa udhuru. Eti giza lingewakuta hamjafunga mahema! Nusu saa ya kusalimia, na vijana wawili waliotangulia na gari moja kwenda kusimamisha mahema, vingetosha kabisa.

Kwa kuwa umeolewa Usambara, muombe mumeo akusimulie habari za Mbegha, ambazo Wasambaa wamezirithishana vizazi kwa vizazi. Alikuwa mgeni, mwindaji kutoka Unguu, hana ndugu milimani wala hajulikani. Hakuingia akiwapangia watu mambo yao. Aliua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vyao, wakazoeana naye, na mwisho wakampa utawala wenyewe bila yeye kuwapiga vita. Makao ya watawala wa kizazi chake, Wakilindi, yalikuwa Vugha, si mbali na hiyo Soni uliyoipita. Mgeni wa milima ile alikubaliwa kwa kuingia nyumba kwa nyumba na mkono uliojaa, na wewe mtu wa Singida huna njia fupi kuliko hiyo.

Sasa hukumu yangu. Kwenda Singida kumsubiri mumeo aone thamani yako, usithubutu. Ukiondoka leo, kila mtu wa upande ule atasema kwamba umethibitisha walichokidhani, na mumeo, ambaye ukimya wake ninauona kuwa ni aibu mbele ya mama zake wawili kuliko hasira juu yako, atalazimika kuchagua jambo ambalo mume hapaswi kuchaguzwa. Na Desemba ya ninyi na watoto wenu tu haina ubaya kwa mwaka mwingine wowote, ila mwaka huu itasomeka kama tangazo la kujitenga.

Badala yake, mwambie mumeo kwamba unataka kwenda Soni kabla ya Desemba, wewe na yeye, bila fulana, bila kundi na bila kupiga picha. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo beba doti ya khanga, sukari, mchele na sabuni, na blanketi zuri kwa ajili ya baridi ya huko. Mkifika, usianze kwa kueleza ratiba wala giza. Sema: mama, tulipita bila kukusalimia, ni kosa letu, tumekuja. Yeye akikugombeza, sikiliza mpaka amalize, hata kama atakugombeza kwa Kisambaa, na mumeo akutafsirie kila neno bila kulilainisha. Mama mkwe akisikia kwamba mmefika kwa dada yake, nina imani kwamba simu ataipokea bila kubembelezwa.

Wifi yako mpigie leo, usisubiri safari. Mwambie kwamba kwenye daftari lako hadaiwi kitu, na ulifute jina lake kweli, kisha watangazie wanandugu katika lile kundi la simu kwamba chakula alichokipika kimehesabiwa. Mkikutana tena, kila kaya itoe inachokiweza, iwe fedha, mahindi au kazi ya mikono, na daftari awe nalo mtu mwingine.

Na kama mama mkubwa ataridhia, mkutano ujao ufanyeni kwake. Mahema yako hayajapotea: yasimamisheni uani, vijana na watoto walale humo wafurahi, wazee walale ndani kwenye vitanda. Mchana wapelekeni watoto Magamba wakaone mbega mitini, au Irente, mahali ambapo mtu husimama ukingoni mwa mlima akaona tambarare ya Mazinde chini yake, kisha jioni warudi kula nyumbani kwa mama mkubwa. Desemba vuli huwa bado haijamalizika, hivyo mwulizeni yeye mwenyewe, anayeijua mvua ya kwake, kama uani pataweza kukaliwa mwezi huo au msubiri likizo ya Juni.