Darubini Mezani: Mhusika Wako Anaona Nini Hasa?

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Mhusika wake katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa masimulizi na kete, alilipa vipande 1,000 vya dhahabu kununua darubini, na kila akiitoa mwendesha mchezo, yule anayesimulia na kuamua mambo, humjibu, "Unaona watu kwa mbali." Basi, hakuna la ziada. Kidonda hicho nakijua vizuri.

Niliwahi kucheza mpelelezi aliyejinyima kampeni nzima, yaani mfululizo mzima wa vikao, mpaka akaipata darubini yake. Siku tulipozingirwa nikampandisha mnarani amtazame jemadari wa maadui. Nikaambiwa nirushe kete ya pande 20, ikatoka namba ya aibu, na hukumu ikawa: "Huoni kitu." Jeshi zima liko bondeni, mchana kweupe, darubini iko jichoni, na sioni kitu! Meza nzima ilicheka. Sijasahau, wala sijifanyi nimesamehe.

Kwa hiyo nilipoanza kuendesha mchezo mwenyewe, hili ndilo nililolinyoosha kwanza. Kitabu cha sheria cha toleo la tano, la mwaka 2014, kinasema tu kwamba vitu vinavyotazamwa kwa darubini huonekana vikubwa mara mbili. Hakuna nyongeza yoyote kwenye kete. Wengi hulalamikia ufupi huo, ila kwangu umetosha, kwa sababu kitu kikikuzwa mara mbili ni sawa na umbali kugawanywa kwa mbili. Aliye futi 600 mchukulie kama yuko futi 300, kisha jiulize mtu mwenye macho mazima angeona nini kutoka hapo. Gawanya umbali kwanza, kete baadaye.

Jicho zima la binadamu, kwa umbali wa kilomita moja, hutofautisha vitu vilivyoachana kwa takriban sentimita 30. Ukiweka darubini ya mara mbili zinakuwa 15. Kwa hiyo jemadari yule, akiwa umbali huo, ningemwona amepanda farasi, ningeiona rangi ya joho lake, hata mkono akiunyoosha. Kovu la shavuni, hapana. Kovu linataka chombo kikali zaidi, na vilikuwepo: Galileo mwaka 1609 alianza na darubini ya kukuza karibu mara tatu, na haikuchukua muda akafikia kama mara 20. Ila ya namna hiyo mpe mchezaji pamoja na kitu cha kuiegemeza, maana ikipita mara kumi hivi mtetemo wa mkono nao unakuzwa.

(Wa Pathfinder toleo la kwanza, mchezo mwingine wa aina hii, poleni. Kwenu kila futi 10 huongeza kwa 1 namba ambayo kete inapaswa kufikia ili uone, na ukiifuata hesabu hiyo bila huruma hata mwezi hauonekani.)

Sasa upande wa hasara, ambao wachezaji hawapendi kuusikia. Darubini ni kama tundu la ufunguo: kinachopita nje ya tundu hukioni. Wiki iliyopita mchezaji wangu alikuwa anahesabu mizinga ya meli ya maharamia, jicho halibanduki, huku maharamia wengine wakipanda kwa kamba nyuma yake. Sikumrushisha kete ya kuwaona. Alipiga kelele, halafu akakubali kwamba ni haki, na kikao kile bado wanakizungumzia. Najivunia, kwa nini nisiseme?

Bahari nayo ina sheria yake. Macho yaliyo mita mbili juu ya maji yana upeo wa kilomita tano hivi, na ukipanda mlingoti wa mita 30 unafika karibu kilomita 20. Meli iliyozama nyuma ya upeo haifufuliwi na lenzi. Mpandishe mtu mlingotini, ndipo ugawanye umbali.

Suala la giza ndilo watu hugombania zaidi. Zimwi-mtu wako, mhusika aliye nusu zimwi nusu mtu, anaona gizani mpaka futi 60, na mimi huamua kwamba darubini haisogezi mpaka huo. Kilicho futi 100 bila mwanga kinabaki gizani. Moto wa kambi ulio mbali ni habari nyingine, huo una nuru yake, kwa hiyo gawanya umbali na umweleze anachokiona. Uchawi vilevile: tufe la moto linafika futi 150, na kumwona adui vizuri hakumsogezi karibu.

Nanyi waendesha mchezo wenzangu, acheni kuwapofusha watu kwa kete. Mtu ametoa dhahabu yake, mpeni kitu. Namba ikitoka mbaya, acheni aone bendera asitambue ni ya nani, au achelewe kidogo kuitambua. Adui naye ana haki yake ya kukugundua, maana kioo kikielekezwa jua linakotoka humetameta.

Kioo cha kukuza cha vipande 100 hakina mjadala mrefu. Anayekagua kitu kidogo au chenye nakshi ndogondogo hurusha kete mbili na kuchukua iliyo kubwa. Kinawasha moto pia, lakini kinataka mwanga mkali kama wa jua, kitu kikavu cha kushika moto, na kama dakika tano. Anayetaka kukitumia katikati ya mapigano, mwambieni asubiri raundi 50, yaani zamu 50 za mapigano, ndizo dakika tano hizo.